Subaru Impreza WRX Iliyokufa Injini: Kusoma Dalili na Kuifufua EJ20 kwa Bajeti Ndogo

Injini ya EJ20 yenye turbo, ile iliyofungwa kwenye Subaru Impreza WRX tangu gari hilo lilipotoka Japani mwezi Novemba 1992, haifi bila kutoa taarifa. Shida ni kwamba taarifa zake hufanana, na mwenye gari aliyeshtuka hununua spea kwanza, kisha ndipo huuliza kilichotokea. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Impreza ya kizazi cha kwanza, ile ya 1992 hadi 2000, ambalo sasa limeegeshwa likiwa na kelele, moshi au joto lisiloeleweka, naye anataka kulirudisha barabarani kwa gharama anayoweza kuibeba. Nimezifungua injini hizi mara kadhaa, na jambo moja limejithibitisha kila mara: injini iliyofufuliwa bila kujulikana kilichoiua hufa tena, na hufa kwa njia ileile.

Niseme mapema kwamba injini ya mtumba si njia ya mkato ambayo wengi huidhania. Zile za kizazi hiki zinazopangwa chini kwenye maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam zina umri wa miaka zaidi ya ishirini. Mpira wa sili zake umekauka, beringi zake hakuna aliyeziona, na mara nyingi muuzaji hawezi kukuruhusu upime chochote zaidi ya kuizungusha kwa mkono. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, magari haya hayaongezeki tena nchini humo, na bloku nzima yenye namba yake ya asili ina thamani ya kuokolewa. Ninakubali injini ya mtumba katika hali moja tu, nayo ni pale konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilipotoboa bloku. Hata hapo, ifungue uikague kabla ya kuifunga kwenye gari.

Kabla ya dalili, tuelewane juu ya umbo. EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, pistoni zikiwa na kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa milimita 75. Ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele, silinda ya 1 na ya 3 ziko kulia, ya 2 na ya 4 ziko kushoto, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Bloku ni vipande viwili vya alumini vinavyokutana katikati na kuibana krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kama maganda ya karanga. Umbo hilo ndilo linalofanya baadhi ya vipimo tulivyovizoea kwenye injini za silinda zilizosimama vikupotoshe.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua nati yoyote

Kipimo cha kwanza ni mgandamizo, au kompresheni kama inavyoitwa gereji. Pasha injini moto ikiwa bado inaweza kuwaka, toa plagi zote nne, kata umeme wa koili na wa pampu ya petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha izungushe kwa betri yenye nguvu. Injini nzima ya aina hii, usawa wa bahari, husoma takriban psi 140 hadi 170. Hapa mafundi wengi wa bara hukosea. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na kanieneo ya hewa huko ni kama nne ya tano ya ile ya Mombasa. Silinda inayosoma psi 150 Mombasa itasoma karibu 120 Nairobi ikiwa na afya ileile. Nimeona injini nzima ikihukumiwa kifo kwa sababu namba za kitabu zilisomwa bila kukumbuka mlima. Kinachosema ukweli popote ulipo ni tofauti kati ya silinda na silinda: tatu zikikubaliana na moja ikabaki nyuma, hiyo moja ndiyo yenye habari.

Kwenye injini nyingine, silinda dhaifu hutiwa kijiko cha oili kisha hupimwa tena. Mgandamizo ukipanda, ringi, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, ndizo zenye kosa. Usitegemee kipimo hicho hapa. Silinda imelala, oili hukaa upande wa chini tu wa pistoni, na ringi haizibwi kuizunguka yote. Badala yake, na hiki ndicho kipimo cha pili, leta pistoni ya silinda hiyo kwenye kilele, vali zikiwa zimefungwa, kisha isukumie hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na usikilize inakotokea. Ikivuma kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi au pistoni imeharibika. Ikivuma kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Ikivuma kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Ikileta mapovu kwenye tangi dogo la maji lililo juu ya injini, gasketi ya hedi imeachia.

Kipimo cha tatu ni presha ya oili, nacho hupuuzwa kwa sababu taa ya dashibodi haijawaka. Swichi ya taa ile hufunga umeme presha inapoanguka hadi karibu kilopaskali 15, yaani psi 2. Taa ikiwaka barabarani, beringi zimekwisha kuumia. Ondoa swichi hiyo, ambayo iko mbele ya injini chini ya alteneta, na ufunge geji ya mkono. Injini ikiwa ya moto, kitabu cha mtengenezaji kinataka angalau kilopaskali 98 ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na 294 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Gari lenye kelele usilipandishe hadi 5,000. Kipimo cha chini peke yake kinatosha kukupa jibu.

Dalili: injini inagonga

Neno noki kwetu hubeba mambo mawili, na kuyachanganya kunagharimu. Fundi akisema injini imenoki, kwa kawaida anamaanisha beringi ya konrodi imekwisha na chuma kinagonga chuma. Lakini iko pia noki ya mwako, pale mchanganyiko wa petroli na hewa unapolipuka kabla ya wakati wake, na sauti yake ni kama kokoto chache zinazotikiswa ndani ya kopo. Ya pili huzaa ya kwanza, au huvunja pistoni. Uyaweke kichwani kama magonjwa mawili tofauti.

Ili kuitambua beringi ya konrodi, injini ipate moto kwanza. Ipandishe hadi mizunguko 2,500 au 3,000, iache hapo kidogo, kisha uachie mafuta ghafla. Mlio mzito wa kugonga unaosikika wakati mizunguko inashuka, na unaozidi kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi, ni wa beringi. Chomoa waya wa koili ya silinda moja moja: ukifika kwenye silinda yenye ugonjwa, mlio huo hupungua au hubadilika, kwa kuwa pistoni hiyo haisukumwi tena. Ukishaijua, zima. Kila dakika ya kuendelea kusikiliza inaikwangua krenki, na krenki ndiyo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote unavyotaka kuviokoa.

Mlio unaosikika asubuhi na kufifia injini inapopata moto si wa beringi. Mara nyingi ni pistoni inayoyumba ndani ya silinda kabla haijatanuka, na EJ20 nyingi huishi na mlio huo miaka mingi. Tik-tik nyepesi inayoisha baada ya dakika chache huweza kuwa mkunjo wa bomba la ekzosi uliopasuka, ambao hujiziba chuma kinapotanuka. Weka mkono karibu, bila kugusa, injini ikiwa bado baridi, na utaisikia pumzi ya moshi. Injini za miaka ya mwanzo zenye tapeti za haidroliki hutoa pia tik-tik baada ya kukaa muda mrefu bila kuwashwa, hadi oili izijaze. Nimekutana na mtu aliyekuwa amekwisha kuagiza seti nzima ya beringi kwa sababu ya ufa wa ekzosi usiozidi ukucha, na ufa ule ulizibwa kwa kulehemu mchana mmoja.

Ikiwa beringi ndiyo yenye kosa, mwaga oili kwenye beseni jeupe na ukate chujio kwa msumeno, uikunjue karatasi yake kwenye mwanga wa jua. Unga unaong'aa usionaswa na sumaku ni wa beringi. Unaonaswa ni wa krenki, ringi au kuta za silinda. Kisha utafute sababu, kwa maana beringi haifi yenyewe. Anza na bomba la kunyonya oili lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini: kwenye injini hizi hupasuka kwenye kiungio, na ufa wake hauonekani hadi ulisafishe na kulikunja kidogo kwa mkono. Bomba likipasuka, pampu hunyonya hewa, hasa kwenye kona ndefu ambapo oili hukimbilia upande mmoja. Halafu geuza pampu ya oili utazame bati la nyuma. Skrubu zake zina tabia ya kulegea, na presha huvujia hapohapo. Sababu ya tatu haina ufundi wowote: injini hii hubeba oili ya kati ya lita 4 na 4.5, na turbo iliyochoka huinywa taratibu bila kutoa moshi wa kutisha. Kijiti cha kupimia kisipochomolewa kwa majuma matatu, inatosha kuiua beringi.

Dalili: moshi

Moshi wa buluu husemwa haraka kwamba ni turbo. Mwenye gari hutoa bomba la intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, hukuta oili ndani, na turbo nyingine hununuliwa siku hiyohiyo. Kabla ya kufika huko, toa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo na uishike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Mtikisiko mdogo wa pembeni ni wa kawaida, kwa kuwa shafti huelea juu ya oili. Mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma unaosikika mkononi, au alama za mabawa kukwaruza nyumba yake, ndiyo hukumu ya turbo. Shafti ikiwa salama, oili ile imetoka kwingine. Pistoni iliyovunjika ukingo wa ringi huruhusu gesi za mwako kushuka kwenye sampu, gesi hizo hubeba oili kupitia mabomba ya pumzi ya injini, na mabomba hayo humwagia kwenye njia ya hewa, mbele ya turbo. Turbo mpya haitaponya chochote hapo.

Ukingo wa ringi ni udhaifu unaojulikana wa familia hii ya injini, na silinda ya 4, ile ya nyuma kushoto, ndiyo inayoongoza kwa kuumia. Dalili zake ni silinda moja yenye mgandamizo mdogo, pumzi nzito kwenye mdomo wa oili ambayo hupiga mapigo badala ya kutoka sawasawa, na plagi moja yenye oili huku tatu zikiwa kavu. Chanzo chake karibu kila mara ni noki ya mwako. Magari haya yalipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, ambayo huuzwa huko ikiwa karibu 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ongeza nozeli moja iliyoziba nusu, au sailensa kubwa iliyofungwa bila kurekebisha kompyuta ya injini na hivyo kupandisha msukumo wa turbo kuliko ilivyopangwa, na pistoni hupigwa nyundo maelfu ya mara kwa dakika. Itazame plagi kwa lenzi: vitone vidogo vya fedha vilivyogandia kwenye kauri nyeupe ni alumini ya pistoni.

Moshi wa buluu unaotoka tu baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha ukaisha, ni wa sili za vali. Huo unaweza kusubiri. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoungua, nao unatupeleka kwenye joto.

Dalili: gari linachemsha

Gari likichemsha kwenye foleni lakini likapoa likienda kasi, tazama feni, rejeta na thamostati kabla ya kufikiria gasketi. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 za Selisiasi. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto uone kama inatii. Ile ya bei rahisi mara nyingi ina mdomo mwembamba kuliko ya asili, na kwenye Subaru kosa hilo hulipiwa kwa joto.

Gari likiwa poa mjini lakini likapandisha joto kila turbo inapofanya kazi, hapo gasketi ya hedi inashukiwa kwa haki. Msukumo wa mwako unapozidi, gesi hupenya kwenye njia za maji. Utaona chupa ya akiba ikijaa maji ambayo hayarudi injini ikipoa, bomba la juu likiwa gumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha, na hita ikitoa hewa baridi wakati geji inapanda. Mapovu yanayoendelea kwenye chupa injini ikiwa moto yanatosha kuwa ushahidi. Usidanganyike na maji kuwa safi na oili kuwa safi. Kwenye injini hizi gasketi huachia kwanza kuelekea maji, na rangi ya maziwa kwenye oili inaweza isionekane kabisa.

Hedi zikitoka, ziwekee rula ya chuma iliyonyooka na ujaribu kupitisha bati la milimita 0.05. Likipita popote, hedi imepinda na lazima isagwe. Naomba hapa nisisitize kwa moyo wote: gasketi ya tabaka za chuma haiishi juu ya uso uliosuguliwa kwa msasa juu ya kioo. Uso ule huonekana unang'aa, lakini una mabonde ambayo tabaka za chuma haziwezi kuyaziba, na gari hurudi gerejini mwezi wa pili. Lipa karakana yenye mashine ya kusagia hedi, na usage zote mbili hata kama ni moja tu iliyopinda. Kisha utazame pia uso wa bloku, kwa kuwa rula ileile inatumika huko na mafundi wengi huishia kwenye hedi.

Dalili: injini inazunguka nyepesi na haiwaki

Injini ikizunguka haraka kuliko kawaida, bila ule mpigo wa kugandamiza, mkanda wa taimingi umekatika au umeruka meno. Vali na pistoni za injini hii hukutana, kwa hiyo vali zilizopinda ni jambo la kutarajiwa. Kitabu kinataka mkanda ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, na pamoja nao ubadilishe roli na kikaza mkanda, kwa kuwa roli iliyokwama huua mkanda mpya. Wakati wa kufunga, fuata alama za mistari na uiache ile ya mshale kwenye puli ya krenki. Mshale unaonyesha kilele cha silinda ya 1, wakati alama ya mkanda ni mstari mdogo ulio kwenye jino la nyuma ya puli. Ukiifuata sawasawa, pistoni zote nne hukaa katikati ya silinda, mbali na vali. Kamshafti, yaani mihimili inayofungua vali, za upande wa kushoto huwa zimebebwa na springi na huruka mkononi. Zishike kwa spana na uzigeuze polepole, kwa kuwa zikigeuzwa upande usiofaa vali ya hewa na ya moshi hugongana zenyewe kwa zenyewe.

Kufufua: pesa iende wapi

Injini ya kwanza niliyoifufua ilinoki tena baada ya kilomita 600. Krenki ilikuwa imechongwa vizuri, beringi zilikuwa mpya, presha ilikuwa imesimama. Nilipoifungua mara ya pili, beringi zote zilikuwa na mikwaruzo myembamba kama iliyochorwa kwa sindano. Ndipo nilipokata kwa msumeno kipoza oili, lile kopo dogo linalokaa kati ya bloku na chujio na kupitisha maji ndani yake. Katikati ya mapezi yake, vumbi la beringi za kwanza lilikuwa bado limejaa, linang'aa kama magamba ya dagaa. Nilikuwa nimelisukutua kwa petroli mara tatu nikaridhika. Tangu siku hiyo, injini ikinoki sifungi tena kipoza kile cha zamani, wala pampu ya oili ya zamani. Turbo hufunguliwa na kusafishwa katikati yake, intakula huoshwa hadi kimiminiko kitoke safi, na bomba la kunyonya oili hubadilishwa. Mtu mwenye fedha kidogo huiona orodha hiyo kuwa ya anasa, lakini ndiyo tofauti kati ya kulipa mara moja na kulipa mara mbili.

Kinachofuata ni kupima. Shikizo la konrodi kwenye krenki lina kipenyo cha milimita 52, na kiwanda kilitoa beringi za kufidia krenki iliyopunguzwa kwa milimita 0.03, 0.05 na 0.25. Usikubali krenki ichongwe kabla ya kupimwa kwa mikromita sehemu kadhaa. Nyingine huhitaji kung'arishwa tu. Nafasi kati ya beringi na krenki ipimwe kwa uzi wa plastiki unaopondeka, ambao upana wake baada ya kubanwa husomwa kwenye karatasi yake. Karakana nyingi huichukulia elfu moja ya kipenyo, yaani karibu milimita 0.05 hapa, kuwa mwisho wa kulegea. Kitabu cha kiwanda kinataka pungufu ya hapo. Konrodi iliyopoteza beringi yake huwa imepata joto, na tundu lake huwa si duara tena. Ikiwa na alama ya buluu ya moto, itupe, na utafute nyingine yenye uzito unaolingana na zile tatu.

Silinda zipimwe juu, katikati na chini, katika pande mbili. Zikiwa ndani ya kipimo, pistoni za kawaida na ringi mpya zinatosha, na pesa ya kuchonga inabaki mfukoni. Zikihitaji kuchongwa, ziko pistoni za milimita 92.25 na 92.50, lakini karakana lazima iifunge bloku bamba la chuma lililokazwa kama hedi wakati wa kuchonga, kwa kuwa alumini hubadili umbo boliti zinapokazwa na silinda iliyochongwa bila bamba huwa duara kwenye meza tu. Pistoni za alumini iliyofuliwa (forged) sizishauri kwa gari linaloendeshwa kwa msukumo wa kiwandani. Turbo kubwa zaidi, mabomba ya rangi na kuchonga njia za hewa za hedi vinaweza kusubiri miaka miwili bila injini kulalamika.

Kuosha ni kazi ya mikono yako mwenyewe, na hapo ndipo utakapookoa gharama. Ng'oa plagi za njia za oili kwenye bloku, pitisha brashi ndefu, osha kwa maji moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kikipitishwa kwenye silinda kitoke cheupe, puliza kwa kompresa na upake oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili kwa injini moja, na sijutii hata saa yake.

Kufunga kuna utaratibu usiofanana na injini nyingine. Konrodi hufungwa kwenye krenki kwanza, nusu mbili za bloku hukutanishwa, na pistoni huingizwa mwisho. Pini ya pistoni hupitishwa kupitia matundu madogo kwenye bloku, kisha klipu yake hukaa kwenye mfereji ambao hauuoni vizuri. Tumia kioo kidogo na tochi, na uisukume pini baadaye kuhakikisha klipu imeshika, kwa kuwa klipu iliyotoka huchana silinda mpya ndani ya dakika. Gundi ya kuunganisha nusu za bloku ipakwe kama uzi mwembamba. Ikizidi, huminyika ndani na kuziba njia ya oili, nawe utatafuta kosa la presha ambalo ulilitengeneza mwenyewe. Boliti za hedi zipakwe oili kwenye uzi na kwenye washa, zikazwe, zilegezwe kama kitabu kinavyotaka, na mwisho zigeuzwe kwa pembe ya nyuzi 80 hadi 90 mara mbili. Spana ya kupimia mkazo inaweza kukodishwa kwa siku moja.

Baada ya kuwasha

Kabla ya kuwasha, chomoa sensa ya krenki na uizungushe injini kwa stata, sekunde kumi kwa kumi, hadi geji ya oili isimame. Presha ikikataa kupanda, usiwashe ukitumaini itakuja. Pampu haina oili ndani yake, au sili ya bomba la kunyonyea haikukaa. Maji yatiwe kupitia tangi dogo la juu ya injini, kidogo kidogo, skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ikiwa wazi. Injini mpya inayochemsha katika nusu saa ya kwanza mara nyingi ina hewa tu iliyokwama. Ipoe kabisa, itiwe tena maji, irudiwe.

Moshi mwepesi wa dakika chache ni oili ya kufungia inayoungua kwenye ekzosi. Ukiendelea baada ya kilomita 100, rudi kwenye kipimo cha hewa ya kompresa. Usiiache ikinguruma gerejini kwa saa nzima: ringi hukaa zikipewa mzigo, kwa hiyo iendeshe kwenye barabara yenye vilima, ukipanda na kushuka mizunguko bila kuita turbo kwa nguvu. Tumia oili ya madini ya bei ya kawaida na uimwage baada ya nusu saa ya kwanza, kisha kwenye kilomita 100, kisha kwenye 1,000, na kila mara ukate chujio na uikunjue karatasi kwenye jua. Chembe chache kwenye chujio cha kwanza ni za kawaida. Cha pili kiwe na chache zaidi. Cha tatu kikiwa safi, na geji ya oili ikisoma sawa na ilivyosoma siku ya kwanza injini ikiwa moto, turbo inaweza kupewa kazi yake yote.